Kopo la vanishi na sandarusi ya Mrima

Ukiingia katika duka la vifaa vya ujenzi pale Kariakoo ukasema unataka vanishi ya kupaka makabati ya jikoni, muuzaji atakuuliza maswali mawili tu. La kwanza, unataka inayong'aa au isiyong'aa? La pili, lita moja au lita nne? Hakuulizi kabati lenyewe ni la mninga au la msonobari. Hakuulizi kama unapikia mkaa, gesi au umeme, wala kama bomba linavuja chini ya sinki. Unalipa, unaondoka na kopo lako, na baada ya masika mawili au matatu ule mng'aro uliowavutia majirani unaanza kubanduka vipande vipande, kwanza pale karibu na jiko, halafu kwenye kingo za milango, halafu kila mahali mkono wenye mafuta unapogusa.

Mazungumzo ya wiki hii yanahusu kilichomo ndani ya kopo hilo. Nitaanzia mbali kidogo, nanyi mnivumilie, kwani jambo hili lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilichimbwa katika ardhi yetu wenyewe.

Neno sandarusi wengi wetu tumelisikia kwa wazee, au tumelikuta kwenye kamusi tukalipita. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa. Mti huu huota katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki na Bukini, na utomvu wake hutoka kwenye shina, kwenye matawi, na hata kwenye ganda la tunda, ambalo limejaa vipele. Hilo jina la pili la kisayansi maana yake ni hiyohiyo, yaani lenye vipele. Utomvu ukidondoka chini, ukafunikwa na mchanga, ukakaa humo kwa muda mrefu sana, huwa mgumu, huwa mzito, na hubadilika tabia yake. Huo uliokomaa ardhini ndio uliotafutwa na dunia nzima. Ule uliokwanguliwa mtini, au uliokuwa bado mchanga, watu wa pwani waliuita chakazi, na wafanyabiashara wa Kizungu, kwa kushindwa kulitamka neno hilo, wakaligeuza likawa jina la punda dume katika lugha yao. Kwa hiyo kwenye vitabu vya biashara vya London mtu anaweza kusoma habari za sandarusi ya punda kutoka Zanzibar, akashangaa punda ameingiaje.

Sandarusi iliyokomaa ilikuwa na alama yake. Ikisafishwa, ngozi yake ya juu huonekana ina vinundu vidogo vidogo mfano wa ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. Mnunuzi aliyejua kazi yake alitazama vinundu hivyo kwanza, halafu rangi, halafu ukubwa wa vipande. Ndani ya vipande vingine alikuta sisimizi, mbu au jani dogo, vimenaswa humo kama vile vimewekwa chini ya kioo. Kuna jambo la kushangaza hapa. Mahali pengi sandarusi iliyo bora ilipochimbwa palikuwa hapana tena hata mti mmoja wa msandarusi. Msitu ulikwisha kuondoka, ukaacha utomvu wake chini. Kwa ajili hiyo baadhi ya wasomi wa Ulaya walibishana kama kweli vitu hivyo viwili vilitokana na mti mmoja, mpaka Dk. John Kirk, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya balozi wa Uingereza Unguja, alipofuatilia mambo mwishoni mwa miaka ya 1860 na kueleza kuwa majani na maua yaliyonaswa ndani ya sandarusi ya ardhini ni ya mti uleule unaoota pwani.

Sasa, wachimbaji walikuwa nani? Walikuwa watu wa Mrima, hasa Wazaramo na majirani zao, katika nchi iliyoko nyuma ya Bagamoyo, nyuma ya hapa Dar es Salaam, kwenda Rufiji mpaka Kilwa. Walichimba mashimo ya kina kifupi katika udongo mwekundu na wa kichanga, kwa jembe na kwa mikono, wakatoa mapande, wakayapeleka pwani kwa wachuuzi. Kutoka hapo yakapakiwa mashuani hadi Unguja. Richard Burton, Mwingereza aliyepita njia hiyo mwaka 1857 akienda kutafuta maziwa makuu, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba Unguja ilikuwa ikisafirisha nje kati ya ratili 800,000 na 1,200,000 za sandarusi kwa mwaka. Kwa vipimo vyetu vya leo hizo ni takriban tani 360 hadi 540. Burton hakuwa mtu wa kuwasema Waafrika vizuri, na aliwalaumu wachimbaji kwa uvivu. Mimi nikisoma hesabu zake najiuliza ni uvivu wa namna gani unaotoa tani mia tano za utomvu ardhini kwa jembe la mkono.

Na zote hizo zilikwenda wapi? Hapo ndipo hadithi inapogeuka. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, ulioletwa na mjumbe aliyeitwa Edmund Roberts. Ushuru wa bidhaa za Wamarekani ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja, na yeye alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa balozi. Alitoka katika mji mdogo wa bandari uitwao Salem, katika jimbo la Massachusetts, na kwa miaka mingi biashara ya Marekani na Unguja ilikuwa karibu yote mikononi mwa wafanyabiashara wa Salem. Walileta kitambaa cha pamba kilichofumwa kwenye viwanda vya huko kwao, kigumu, kisicho na rangi, nasi tukakiita merikani, jina ambalo bibi zetu wameendelea nalo hata baada ya kitambaa chenyewe kuanza kutoka Bombay na kwingineko. Walichukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Huko Salem mtu mmoja, Jonathan Whipple, alikuwa na kiwanda ambacho kazi yake ilikuwa moja tu, kusafisha sandarusi yetu na kuitenga kwa madaraja kabla ya kuwauzia watengenezaji vanishi.

Waingereza nao walipata mkataba wao mwaka 1839. Lakini Sayyid Said hakuwa mjinga wa biashara. Ndani ya mkataba ule alibakiza jambo moja: katika pwani ya bara, kutoka Mtangata upande wa Tanga hadi Kilwa, pembe za ndovu na sandarusi zisinunuliwe moja kwa moja na wageni. Lazima zipite Unguja, zilipe kwenye forodha yake, ambayo wakati huo ilikuwa imekodishwa kwa tajiri wa Kihindi kutoka Kutch, Jairam Shivji. Katika bidhaa zote za Mrima zilichaguliwa mbili tu kulindwa kwa namna hiyo. Ya kwanza kila mtu anaijua. Vitabu vya shule vimejaa habari za pembe za ndovu. Ya pili imesahauliwa kabisa.

Nitaeleza kwa nini ilikuwa na thamani hiyo. Karne ya 19 ilikuwa karne ya mbao zilizopakwa. Magari ya farasi, mabehewa ya reli, piano, meza za wakubwa, vyote vilihitaji ngozi ngumu, angavu, isiyochubuka upesi wala kuingiza maji. Mafuta ya kitani peke yake hukauka, maana huvuta hewa ya oksijeni na kugeuka ngozi, lakini ngozi hiyo ni laini. Inahitaji kuchanganywa na utomvu mgumu. Na katika tomvu zote zilizojulikana, ile ya Zanzibar ilihesabiwa miongoni mwa zilizo ngumu kabisa. Ugumu huo ndio uliokuwa sifa yake na ndio uliokuwa taabu yake. Haikubali kuyeyuka katika mafuta hivi hivi. Mpishi wa vanishi alilazimika kuipasha moto ndani ya sufuria la shaba mpaka zaidi ya digrii 300 za sentigredi, ivunjike, itoe moshi mkali, ipoteze kiasi kikubwa cha uzito wake, ndipo amimine mafuta ya kitani yaliyo moto, na baadaye, mbali na jiko, aongeze tapentaini. Kosa dogo na kiwanda kinateketea. Vanishi iliyopatikana iliachwa kwenye mapipa kwa miezi, pengine kwa miaka, ipoe na ikomae. Kulipaka gari la farasi la tajiri, makoti kwa makoti, msasa kati ya koti na koti, kulichukua majuma.

Tafadhali mtazame mzunguko huo. Mzaramo alichimba, akapewa doti za merikani au ushanga. Mchuuzi akaongeza chake, forodha ikakata chake, meli ikachukua chake, msafishaji wa Salem chake, mpishi wa vanishi wa London au Boston chake. Kisha vanishi ikarudi Unguja na baadaye Dar es Salaam ndani ya kopo lenye karatasi ya rangi rangi, kwa bei ya kopo. Mtu wa mwisho katika mzunguko huo aliishi labda maili 20 kutoka kwenye shimo la yule wa kwanza. Ni kweli kwamba baadaye kazi ya kusafisha ilihamia Unguja yenyewe. Huko sandarusi ilioshwa kwa maji ya magadi na kupigwa brashi katika nyua za wafanyabiashara, na mikono mingi iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya watumwa na ya vibarua wa ujira mdogo. Lakini kupika vanishi, sehemu iliyokuwa na faida, hakukuhamia.

Sandarusi haikuuawa na mtu mmoja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliivuruga biashara ya Salem na merikani yake. Baadaye watu wa pwani waliona mpira wa mwituni unalipa zaidi, wakaacha mashimo wakaingia msituni. Huko New Zealand wahamiaji, wengi wao kutoka Dalmatia, walikuwa wakichimba utomvu wa mti wa kauri kwa wingi uliotushinda sisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wabelgiji wakaanza kuwatumia watu wa Kongo kukusanya utomvu kwenye vinamasi vya Équateur, kwa kulazimishwa mara nyingi, na bei ikashuka. Halafu wakaja wakemia. Mwaka 1907 Leo Baekeland alitengeneza utomvu wa kwanza uliotoka maabara mtupu, usio na mti. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza viwanda vya baruti vya Marekani vilikuwa na pamba iliyotiwa asidi nyingi kuliko maadui, wakagundua kuwa ikiyeyushwa na kupunguzwa inatoa laka inayokauka kwa dakika. Viwanda vya magari vikaichangamkia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kazi iliyokuwa ikichukua majuma ikamalizika kwa saa chache. Mwaka 1927 Roy Kienle wa Marekani aliupa jina la alkidi utomvu unaopikwa kwa kuunganisha mafuta ya mimea na kemikali, na mwaka 1937 Mjerumani Otto Bayer akapata poliyurethani. Kufikia wakati wa uhuru wetu sandarusi ilikuwa imebaki kama ubani wa kufukiza na neno la kamusi.

Hayo ndiyo yaliyomo madukani leo, na sasa nageukia jikoni.

Jiko ni mahali pabaya pa mbao. Kuna mvuke, kuna joto, kuna mafuta ya kukaangia yanayoruka, kuna maji ya sabuni, na hapa kwetu pwani kuna unyevunyevu wa chumvi unaofura milango wakati wa masika na kuinywea wakati wa kiangazi. Wazee wetu hawakuhangaika na hilo kwa sababu jiko lilikuwa uani, na vyombo vilikaa juu ya uchaga. Mbao walizozijali walizipaka walichokuwa nacho: jahazi lilipakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, na sehemu ya chini ilipakwa shahamu na chokaa. Sifa hufaa sana baharini. Jikoni, kwa harufu yake, hata sishauri.

Makabati yaliyojengwa ukutani kwa kipimo, yale tunayoyaita ya kisasa, yana umri wa takriban miaka 100. Moja ya mifano iliyoigwa sana ilijengwa mjini Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926, na mchoraji wake alikuwa mwanamke kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky. Majiko karibu 10,000 yalifungwa katika nyumba za wafanyakazi za mji huo. Kilichonivutia mimi ni jinsi alivyofikiri juu ya uso wa kila mbao. Droo za unga zilitengenezwa kwa mti wa mwaloni, kwa kuwa una tanini ambayo wadudu wa unga hawaipendi. Meza ya kukatia ilikuwa ya mti mwingine, mgumu, usiopata doa upesi. Milango ilipakwa rangi ya buluu, kwa sababu wakati ule iliaminika kwamba nzi hawatui penye buluu. Nzi wetu nadhani hawakuarifiwa. Lakini jambo la maana ni kwamba alichagua kwa sababu, na hakuupa uso mmoja kazi ya uso mwingine. Msimamizi wa mradi ule wa nyumba, Ernst May, si mgeni kwetu. Katikati ya miaka ya 1930 alikuja Tanganyika akawa mkulima karibu na Arusha, kisha akafanya kazi ya usanifu wa majengo Nairobi, na katika miaka ya 1940 akachora mpango wa kuupanua mji wa Kampala.

Basi tuchague nasi. Nitasema wazi ninavyoona.

Shelaki, ile ambayo mafundi wengi huiita polishi, ni utomvu wa mdudu mdogo wa India anayekaa kwenye matawi ya miti. Huyeyushwa kwa spiriti na kupakwa kwa kitambaa kilichofungwa pamba, mara nyingi nyingi, koti jembamba juu ya jingine. Ni kitu cha heshima. Hata santuri za zamani, zikiwamo zile ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, zilitengenezwa kwa shelaki. Kwa meza ya sebuleni au sanduku la mpingo hakuna kinachoishinda kwa uzuri. Kwa kabati la jikoni, hapana. Weka kikombe cha chai ya moto juu yake na utapata duara jeupe. Mwaga kinywaji chenye kileo na inayeyuka. Nta ya nyuki nayo, ambayo Tabora imeiuza nje tangu zamani, hulainika kwa joto ambalo sufuria ya ugali hulipita bila kujitahidi.

Laka ya pamba, ile inayopulizwa kwa mashine baada ya sila na kupunguzwa kwa tina, ndiyo inayotawala kwenye karakana nyingi, kuanzia Keko hadi kwingineko. Sababu inaeleweka. Fundi anapuliza asubuhi, mchana anapiga msasa, jioni mteja anachukua mali yake. Inakauka kabla vumbi la barabarani halijatua. Kwa kitanda na kwa kabati la nguo sina ugomvi nayo. Kwa jikoni inachoka mapema: mvuke huifanya iwe na ukungu mweupe, mafuta ya mikono huilainisha kwenye vishikizo, na joto huipasua nyufa nyembamba kama za chungu. Yule aliyelalamika kuwa kabati lake limebanduka baada ya masika mawili, aghalabu alipewa laka hii. Fundi hakumwibia, alimpa kinachokauka upesi, maana mteja mwenyewe alisema anataka kesho.

Inayofaa milango ya makabati ya jikoni, kwa maoni yangu, ni vanishi ya mafuta yenye alkidi au poliyurethani, makoti matatu membamba, kila koti likipewa usiku mzima kukauka na kusuguliwa kidogo kwa msasa laini. Kwa njia, jina hili msasa tumelitoa kwenye mti wenye majani makali kama mchanga ambayo maseremala walisugulia mbao kabla karatasi ya dukani haijaja. Kugusika kesho yake si kukomaa. Vanishi ya mafuta huendelea kuwa ngumu kwa majuma kadhaa, kwa hiyo usianze kuipangusa kwa maji ya moto na sabuni kali siku ya tatu. Tena milango ipakwe pande zote mbili, ndani na nje, na kingo zake zote, hasa ule wa chini ambao hakuna anayeuona. Mbao iliyozibwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande mwingine, ikapinda, na hapo fundi wa bawaba hutupiwa lawama asizostahili.

Kama mbao yako ni mtiki, ule uliopandwa na Wajerumani kwanza na baadaye ukaendelezwa katika mashamba kama Longuza na Mtibwa, kumbuka kwamba una mafuta yake ya asili. Upanguse kwa tina au spiriti kabla ya koti la kwanza, la sivyo vanishi itakaa juu bila kushika. Msonobari wa Sao Hill hauna shida hiyo, ila vifundo vyake hutoa utomvu unaopenya rangi; hapo koti jembamba la shelaki juu ya kifundo, chini ya vanishi, ni dawa ya kale na bado inafanya kazi. Meza ya kukatia nyama na mboga isipakwe vanishi kabisa, kwa kuwa kisu kitaichana na vipande vitaingia kwenye mchicha.

Kuna mambo mawili ya hatari ambayo karatasi ya kwenye kopo huyaandika kwa herufi ndogo, nami nitayasema kwa sauti. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta yakikunjwa na kutupwa kwenye kona hujipasha joto yenyewe, kwa ile ile kazi ya kuvuta oksijeni, na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yaanikwe yakiwa yametandazwa, au yalowekwe majini. La pili ni ile poliyurethani ya makopo mawili yanayochanganywa kabla ya kupulizwa. Ni ngumu kuliko zote, lakini ina kemikali ziitwazo isosianati, ambazo zinajulikana duniani kote kwa kuwapa mafundi ugonjwa wa pumu. Kitambaa kilichofungwa puani si kinga. Kama fundi wako hana barakoa ya kweli yenye kichujio, mwambie atumie ile ya kopo moja kwa brashi. Kabati litapungukiwa kidogo ugumu, naye atabaki na mapafu yake.

Na wenye nyumba za zamani, ambazo makabati yake yamepakwa rangi nene koti juu ya koti, msianze kuzikwangua kavu. Kwa miongo mingi rangi nyeupe ya mafuta ilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto wadogo. Hatari yake ilijulikana kiasi kwamba mkataba wa kimataifa wa kazi wa mwaka 1921 uliweka marufuku juu ya matumizi ya risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo. Pamoja na hayo rangi zenye risasi ziliendelea kuuzwa katika nchi nyingi kwa vizazi. Vumbi la kukwangua ni baya kuliko rangi iliyotulia mahali pake. Lowesha kwanza, watoto wawe mbali, na takataka zisimwagwe bustanini.

Bado liko swali ambalo kila ninapozungumzia historia hii hunirudia kichwani: je, sisi hatuna tena kitu cha kuweka ndani ya kopo? Tunacho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na mafuta hayo yakipikwa hutoa utomvu unaotumika viwandani kwa vanishi, rangi na breki za magari. Mkorosho ni wa ukoo mmoja na ule mti ambao Wajapani wamekuwa wakitoa utomvu wake kupaka mabakuli na masanduku yao kwa maelfu ya miaka. Sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi imekuwa ikisafirishwa ghafi, na maganda yake, kwenda India na Vietnam. Kule kokwa hutolewa, ganda hukamuliwa, mafuta huuzwa. Majina ya bandari yamebadilika. Safari ni ile ile ya sandarusi.

Nikimaliza, kwa mwenye kabati la zamani ambaye hajui limepakwa nini na hataki kupaka vanishi juu ya kitu kisichopatana nayo, ipo njia rahisi. Chukua pamba, ichovye katika spiriti, usugue mahali pasipoonekana, mfano nyuma ya mlango. Ikiwa uso unalainika na pamba inatoka na rangi ya chai, hiyo ni shelaki. Kama haukubadilika, jaribu tina. Ukinata, ni laka. Ikiwa vyote viwili havikufanya kitu, umekuta vanishi ya mafuta au poliyurethani, nayo unaweza kuisugua kwa msasa laini, kuipangusa vumbi, na kupaka koti jipya juu yake.